Mungu Aliyehamishwa Alfajiri

Jumatatu saa tatu asubuhi Inspekta Jashoda Makwana alikuwa ameketi ukumbini mwa nyumba ya akina Parekh, mkononi ana kikombe cha karatasi. Konstebo Gohil, aliye chini yake kwa vyeo vitatu, aliletewa maji kwenye bilauri ya chuma. Si kwamba bilauri zilikuwa haba. Jashoda aliziona zimejipanga rafuni, zaidi ya ishirini, zinang'aa. Alikunywa maji yake yote, akakikunja kikombe na kukitia mfukoni. Katika mji mkongwe wa Ahmedabad, ukishasema jina la Makwana, jina la tabaka la wafagiaji, mwenye nyumba anajua mara moja akupe chombo gani.

"Tuanze upya, Navnitbhai," alisema. "Mama yako alifariki lini?"

"Jumamosi, saa kumi na mbili jioni. Nimeshasema mara tatu, madam. Na mkuu wako nimemwambia."

"Mkuu wangu ana mambo mengi, husahau. Alikuwa na nani?"

"Na Rambha, mtumishi. Peke yao. Sisi tulikuwa chini tunawaaga wageni. Kampa mama vidonge vyote vya usingizi, halafu kaanza kupiga mayowe."

Navnit Parekh alikuwa mtu wa miaka sitini na miwili, amenyoa kichwa kwa msiba, amevaa nyeupe tupu. Alizungumza kama anayetembeza wageni, na kweli ndiyo kazi aliyokuwa akiifanya siku mbili zilizopita. Jumamosi na Jumapili mji mkongwe ulikuwa umefungua milango yake: nyumba ishirini za mbao za nakshi, aingie atakaye, bure, akodolee macho nguzo na madirisha ya mababu wa wenziwe. Kwa akina Parekh walipita watu mia nne Jumamosi peke yake. Saa sita mchana ikaja kamati ya kuchagua nyumba moja ambayo paa lake litatengenezwa upya, na ikaichagua hiyo. Jioni ile Bi Chandan, mama yake Navnit, ambaye kila mtu mtaani alimwita Ba, akakutwa amekufa orofa ya pili. Alikuwa na miaka themanini na minane. Jumapili alfajiri wakamchoma.

Jumapili mchana Rambha, aliyemhudumia Ba miaka kumi na mmoja, alikwenda kituoni kwa miguu yake mwenyewe kusema kwamba bibi wa watu alikuwa amefungiwa chumbani kwa kufuli la nje. Saa moja baadaye Navnit naye akafika na malalamiko yake. Mkuu wa kituo alihitaji dakika kumi tu kuamua nani mwongo kati ya bwana mwenye nyumba ya nakshi na mwanamke wa kufua. Aliyekuja kushtaki akalala mahabusu. Kesho saa tano angesimamishwa mbele ya hakimu, na kutoka hapo ni gerezani, kesi ya mauaji, miaka mitatu au minne kabla hata haijatajwa. Mwili wa kupasuliwa haukuwepo tena. Jashoda alikuwa na siku moja, na shahidi wake alikuwa nyumba.

"Nataka kuona chumba," alisema.

Njiani kuelekea ngazi palikuwa na kijumba cha ibada ukutani, pazia lake la zari limefunguliwa, ndani kitupu. Jashoda akasimama.

"Thakorji yuko wapi?"

Hasumati, mke wa Navnit, ndiye aliyejibu. Alikuwa mwanamke mwembamba, hana neno, macho yamevimba kwa kilio ambacho Jashoda hakukitilia shaka. "Yuko kwa Taruben, nyumba ya tatu. Tuna msiba, afande. Siku kumi na mbili haturuhusiwi kumgusa."

Jashoda aliyajua hayo. Katika nyumba kama hizi mungu wa nyumbani ni kisanamu cha kuweza kukaa kiganjani, na hulishwa, huvishwa, hulazwa mchana na kuamshwa kama mtoto mchanga. Mtu wa ukoo akifa, hata akiwa mbali, nyumba nzima huingia najisi, na hapo mungu huhamishiwa kwa jirani asiye wa ukoo, asije akakosa chakula.

"Alikwenda huko lini?"

"Jumamosi."

"Jumamosi jioni, baada ya Ba kufariki."

Hasumati alimtazama mumewe.

"Asubuhi," Navnit akadakia. "Kwa ajili ya wageni, madam. Watu mia nne na miguu yao! Utamwacha mungu katikati ya rabsha ile?"

Lilikuwa jibu zuri. Jashoda aliliandika kama lilivyo.

Huko juu chumba kilikuwa kidogo, kina dirisha moja la kuelekea uani. Katikati ya sakafu palikuwa pamepakwa samadi ya ng'ombe, mahali pa urefu wa mtu, kama wanavyofanya anapotakiwa kulazwa mtu anayekata roho. Mlangoni, kwa nje, palikuwa na pete za kufuli. Jashoda akauvuta mlango, akachuchumaa upande wa ndani. Kwenye mbao, usawa wa goti, palikuwa na alama mpya za nusu duara, nyingi, moja juu ya nyingine.

"Hizi nini?"

"Mlango wa miaka mia mbili una makovu mengi, madam."

"Na haya ni ya juzi. Mbao ndani yake bado nyeupe." Akampa Gohil ishara apige picha.

Taruben, jirani wa nyumba ya tatu, alikuwa kikongwe wa miaka sabini na kitu, mnene, mwenye ulimi usiolala. "Ingia, ingia," alimwambia Jashoda aliyesita kizingitini. "Mimi mzee, sina tena nguvu za kubagua watu. Ila jikoni usifike, nina mgeni."

Mgeni alikuwa Thakorji, ameketi juu ya mto wa hariri, mbele yake kisahani cha maziwa.

"Mwaka jana wageni walipokuja, naye alihamishwa?" Jashoda aliuliza.

"Mwaka jana? Walimshonea kilemba kipya ili apigwe picha! Navnit mwenyewe aliwasimulia watu nusu saa habari zake."

"Na mwaka huu amekujaje kwako?"

Taruben alijiweka sawa kwenye bembea. "Jumamosi, saa kumi na mbili asubuhi, Hasumati kanigongea. Njoo umchukue Thakorji. Nikaenda. Nikamwambia, haya mwali, nipe. Akarudi nyuma hatua mbili. Mikono mgongoni. Ananiambia, mtoe mwenyewe, Taruben."

"Hakumgusa."

"Hata pindo la nguo."

"Labda alikuwa mwezini."

"Ana miaka hamsini na tisa! Hayo alishayaaga siku nyingi. Na Navnit je? Naye alikuwa kajibanza ukutani, mikono kaificha kwapani. Au na yeye alikuwa mwezini?" Kikongwe akacheka, kisha akaona hakuna anayecheka naye.

"Kwa hiyo ulijua mna kifo mle ndani."

"Nilijua kuna kifo. Cha nani, sikujua. Nikauliza, wakasema binamu yao wa Nadiad, Vrajlal. Tusiseme kwa watu, nyumba isije ikafungwa kwa najisi, kamati inakuja."

"Ukanyamaza."

Taruben aliutazama ukuta wake, ambao ulikuwa na ufa mrefu kutoka darini hadi sakafuni. "Mwanangu, nyumba hizi zimeshikana. Paa lao likitengenezwa, na ukuta wangu unapona."

Namba ya Nadiad aliipata kwenye daftari la Taruben mwenyewe. Iliita mara nne, ikapokewa na sauti ya mtu anayetafuna.

"Naongea na nyumbani kwa marehemu Vrajlal Parekh?"

Kutafuna kukakoma. "Marehemu? Ala! Mimi ndiye Vrajlal. Nani kaniua tena?"

"Samahani, bwana. Nimekosea. Endelea kula."

Walipokuwa wakirudi kwenye gari, Gohil hakuelewa bado. Alikuwa kijana mzuri, wa ukoo wa juu, na sheria hizi kwake zilikuwa mambo ya bibi yake. Jashoda ndiye aliyezijua. Mama yake alifagia nyua za nyumba kama hizi miaka thelathini, akisimama pale alipoambiwa asimame, akipokea mshahara uliotupwa ili mkono usiguse mkono. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na hiki ukoo wa Makwana ulikuwa umekilalia vizazi na vizazi.

"Sikiliza," alimwambia. "Mtu anaweza kumdanganya polisi. Anaweza kuwadanganya wageni mia nne na kamati yao. Lakini Hasumati hawezi kumgusa mungu wake kwa mikono ya msiba. Na mume naye hakuweza. Jumamosi saa kumi na mbili alfajiri wale wawili walikuwa wanajua Ba amekufa."

"Kwa hiyo alikufa Ijumaa usiku."

"Na Ijumaa mchana Rambha alikuwa ameshapanda basi kwenda Dholka, harusi ya binti wa kaka yake. Karudi Jumamosi jioni. Mashahidi wake ni ukumbi mzima."

"Basi tumemaliza, madam!"

Jashoda naye aliamini hivyo, na kwa dakika ishirini, mpaka kituoni, alikuwa na furaha. Alimtoa Rambha mahabusu, akamkalisha kwenye kiti, akamweleza. Rambha alikuwa na miaka arobaini na tano, viganja vimekauka kwa sabuni. Alisikiliza hadi mwisho.

"Hapana, madam," akasema.

"Hapana nini?"

"Ba hakufa Ijumaa. Nilipomshika alikuwa na joto."

"Siku ilikuwa ya jua. Chumba kina joto."

"Mikono ilishapoa. Kwapani ndiko kulikuwa na joto. Nimeosha maiti wawili nyumbani kwetu, madam, nayajua."

Jashoda aliweka kalamu chini. "Dada, unaelewa unachosema? Alama zote zinakuonyesha huna hatia kama alikufa Ijumaa. Ukisema alikuwa na joto, unasema alikufa Jumamosi jioni, karibu na wewe kufika. Wakili wao atakunyonga kwa neno hilo hilo."

"Basi niseme alikuwa wa baridi?"

"Sijakwambia useme nini."

"Alikuwa nyuma ya mlango," Rambha aliendelea, taratibu, kama anayemwelekeza mtoto njia. "Funguo naijua inapokaa, kwenye msumari nyuma ya pipa la mchele. Nikafungua kufuli, mlango hauendi. Nikasukuma kwa bega. Yeye ndiye alikuwa kauzuia. Mkononi ana kikopo chake cha shaba, kile cha maji matakatifu. Aliyekufa Ijumaa, Jumamosi anafuata nini mlangoni?"

Jashoda aliziona tena zile nusu duara kwenye mbao, usawa wa goti. Ni usawa wa mtu aliyekaa chini. Mambo yote mawili yaliweza kuwa kweli: Ijumaa usiku mtu na mkewe waliamini Ba amekufa, na Ba hakuwa amekufa.

Alimpigia simu daktari wa Ba, aliyekuwa na zahanati mtaa wa pili. Daktari hakuzunguka. Mzee wa miaka themanini na minane, mgonjwa wa kisukari, akimeza dawa bila kula, sukari hushuka, mwili unakuwa baridi, pumzi haionekani. Wengine huzinduka wenyewe baada ya saa kadhaa, kwa muda. "Wangeniita tu," alisema. "Sindano moja ya maji ya sukari. Ni hatua mia mbili kutoka kwao."

Lakini daktari akipita na mkoba wake, mtaa mzima unajua kabla hajafika mlangoni. Mficha maradhi kilio humfichua, na hawa walikuwa wamekiahirisha kilio chenyewe ili paa lipate mafundi.

"Gohil," Jashoda alisema, "wageni waliandika majina na namba kwenye kitabu. Wapigie wote waliofika Jumamosi kuanzia saa tatu mpaka saa nane. Kila mwenye video aitume. Nataka sauti, si picha."

Kufikia saa nane mchana zilikuwa zimefika thelathini na moja. Nyingi zilikuwa nguzo, madirisha, na nyuso za watu wanaojipiga picha wenyewe. Ya ishirini na tatu ilitoka kwa Bi Zarin Daruwala, mwalimu mstaafu wa jiografia, mtu wa mkono usiotetemeka. Saa iliyoandikwa ilikuwa tano na dakika arobaini asubuhi. Jashoda alivaa vipokea sauti masikioni.

Navnit yuko uani, amevaa kanzu ya rangi ya maziwa, anaeleza namna maji ya mvua yanavyokusanywa chini ya sakafu. Watu kama sitini wamemzunguka. Ndipo inasikika kutoka juu: ko, ko, ko. Kimya. Ko, ko. Msichana mmoja anainua kichwa, anauliza ni nini hicho. Navnit naye anainua kichwa. Anatazama juu muda wa pumzi mbili, na mdomo wake unabaki wazi. Kisha anatabasamu. "Nyani wetu," anasema. "Nao wamekuja kutalii!" Watu wote wanacheka. Na chini ya kicheko kile, ukiongeza sauti hadi mwisho, kuna sauti nyingine, nyembamba, ya mtu mzima anayeita jina. Navnit anapaza sauti yake juu ya hiyo, anapiga makofi, anawapeleka wageni ua wa pili.

Jashoda aliirudia mara tano. Gohil aliisikiliza mara moja tu, akatoka nje kuvuta hewa.

Saa kumi jioni nyumba ya akina Parekh ilikuwa imejaa tena, safari hii watu wa kutoa pole. Wanaume walikaa ukumbini juu ya shuka nyeupe, Navnit katikati, picha ya Ba imevishwa shada. Alipoiona sare alianza kuinuka. Jashoda akampitia kama nguzo, akaingia jikoni alipokuwa Hasumati, akafunga mlango.

"Ijumaa usiku nani alisema Ba amekufa?"

Hasumati alianza, "Jumamosi jioni, saa..."

"Taruben keshasema. Hukumgusa Thakorji. Na Vrajlal wa Nadiad mzima, anakula vizuri."

Mwanamke yule aliketi juu ya gunia la ngano. Yakamtoka yote kama maji ya mfereji uliozibuka. "Mimi ndiye niliyemkuta, saa nne usiku. Baridi, afande, kama jiwe. Navnit kamwekea kiganja puani, kasema Ba amekwenda. Nikasema tumwite daktari. Akasema daktari wa nini, amefufua nani? Tungoje siku moja. Siku moja tu, kamati ipite. Nikapaka samadi, nikamlaza chini, nikamtia maji matakatifu mdomoni na jani la mrihani. Kila kitu nilifanya kama inavyotakiwa. Halafu Navnit akafunga kufuli, mgeni asije akapotea njia."

"Jumamosi hukupanda juu?"

"Nipande kufanya nini? Nilikuwa jikoni, chai ya watu mia nne."

Jashoda alimpa simu na vile vipokea sauti. Alimtazama usoni wakati anaangalia. Alimwona akitabasamu kidogo kwa kumwona mumewe amependeza, kisha akakunja uso, kisha rangi ikamtoka.

"Rudisha," Hasumati alisema.

Jashoda akarudisha.

"Alisikia," akanong'ona. "Tazama. Kasikia. Alijua ni nani." Akavua vile vipokea sauti, akavishika mikononi muda mrefu. "Kwa hiyo Jumamosi hatukuwa na msiba."

"Nini?"

"Ba alikuwa hai. Basi hatukuwa najisi. Nilimtoa Thakorji nyumbani mwangu bure. Siku nzima kalishwa na mkono wa mtu mwingine, kwa uongo! Miaka thelathini na nane sijawahi kumkosesha mlo mmoja, na yule mtu kanifanya..." Akashindwa kumaliza. Machozi yalimwagika, mengi kuliko ya asubuhi.

Jashoda alikuwa na maneno mdomoni, tena makali. Aliyameza. Ukumbini watu walikuwa wakiimba nyimbo za kumpokea Ba mbinguni, sauti ya Navnit ikiongoza. Akafungua daftari la maelezo juu ya gunia la ngano, akamsogezea Hasumati kalamu, akamwambia aandike kama alivyosema, tangu saa nne usiku wa Ijumaa. Hasumati aliandika kurasa tatu bila kupumzika. Jina la Rambha halikuwemo hata mara moja. Jashoda ndiye aliyemwomba aongeze mstari kwamba mtumishi hakuwepo.

Navnit walimchukua palepale, mbele ya wenye kutoa pole, na aliwaomba wasubiri kwanza wimbo uishe.

Jumanne saa tano hakimu alisoma zile kurasa, akamwachia Rambha kwa neno moja. Hakuna aliyemwomba radhi. Jashoda alimkuta nje, kwenye ngazi za mahakama, amekaa na kifurushi chake mapajani, haonyeshi haraka ya kwenda popote. Pa kwenda hapakuwepo. Kwa miaka kumi na mmoja alikuwa akilala miguuni mwa kitanda cha Ba.

"Konstebo kaniambia kuna video," alisema. "Ba anasikika."

"Anasikika akigonga."

"Akigonga tu?"

Jashoda angeweza kunyamaza. Lakini video ile ingechezwa mahakamani siku moja, na Rambha angekuwa ameitwa kama shahidi, mbele ya mawakili na waandishi. Akakaa kando yake kwenye ngazi.

"Aliita pia, dada. Mara tatu. Alikuita wewe."

Rambha hakusogea. "Ilikuwa saa ngapi?"

"Saa tano na dakika arobaini."

Mwanamke yule alihesabu kitu kichwani, midomo ikichezacheza. Katika kesi nzima hiyo, kuanzia mwenye nyumba hadi mkuu wa kituo, Jashoda alikuwa hajamwona mtu hata mmoja aliyejilaumu. Sasa alimwona, na hakuwa na karatasi yoyote ya kumtolea hatia.

"Saa tano na dakika arobaini bwana harusi ndiyo alikuwa anaingia," Rambha alisema. "Walipiga ngoma sana. Nilikuwa nacheza, madam."